Kata mtoto, linda mama: namna ya kufupisha video bila kuua ukweli wake

Mjini Kisangani, toka Makiso mpaka Mangobo, toka Kabondo mpaka ng'ambo ya mto kule Lubunga, ni vigumu leo kupata nyumba ambamo hakuna hata telefone moja yenye kamera. Telefone hizo ndizo zinaunganisha jamaa. Papa yuko kwenye kariere upande wa Bafwasende ao Banalia, mama na watoto wamebaki mjini. Siku anapopata koneksyo, papa anatuma video: shimo lenye wamefikia, pompe yenye imeharibika, ndugu mwenye ameumia mguu. Mama naye anatuma yake: mtoto anapokea bulletin, matanga ya mzee, nyumba yenye inapandishwa matofali kidogo kidogo.

Tatizo ni moja kwa wote: video ni ndefu kuliko jambo lenyewe. Kwanza kamera inaonyesha miguu, kisha anga, kisha mutu anauliza "Inashika? Inashika?", kisha jambo lenyewe kwa sekunde makumi ine, kisha tena miguu. Mwenye kupokea analipa mamega kwa yote: miguu, anga na maswali. Kwa telefone nyingi za leo, dakika moja ya video ya ubora wa 1080 inaweza kupita megabaiti 100. Ukiondoa dakika tano zisizo na kazi, umeokoa pesa ya mwenye kutuma na ya mwenye kupokea.

Ndiyo sababu kujua kukata video si kazi ya watu wa televisheni peke yao tena. Imekuwa kazi ya nyumbani, sawa kushona kifungo. Lakini kisu chenye kinaondoa uchafu kinaweza kuondoa pia ukweli. Kwa hiyo tutafundishana hapa mambo mawili pamoja: namna ya kukata vizuri, na namna ya kukata bila kupoteza kile ambacho kesho kinaweza kuwa ushahidi wenu wa pekee.

MKASI WA ZAMANI NA MKASI WA LEO

Upande wetu umejua kamera za sinema tangu zamani. Mwaka 1951, Mmarekani John Huston alikuja kupiga filme The African Queen kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji wenye leo tunaita Ubundu. Mwaka 1958, timu nyingine ilifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kwa filme The Nun's Story pamoja na Audrey Hepburn. Wakati ule picha zilikaa juu ya utepe. Kila sekunde ilikula picha 24, na dakika moja ya utepe wa milimita 35 ilikuwa na urefu wa mita 27 hivi. Mwenye kufanya montaji alikata utepe kwa wembe ao mkasi, kisha akaunganisha vipande kwa gundi.

Kuko jambo moja lenye wengi hawajui. Watu wale hawakukata utepe wenye ulitoka ndani ya kamera. Huo uliwekwa pa usalama. Walitengeneza kopi, wakakata kopi, wakaunganisha, wakakosea, wakarudia. Kazi ilipokwisha kukubaliwa, ndipo utepe wa kwanza ukaguswa. Mama alibaki mzima. Mtoto njo alipita chini ya mkasi.

Programu za leo zinafuata hekima ileile. Unapokata kipande ndani ya CapCut, InShot, Shotcut, Kdenlive, Adobe Premiere Pro ao DaVinci Resolve, programu haikati faili yako. Inaandika paka maagizo: "Video hii ianze kwenye sekunde 12, iishe kwenye sekunde 52." Sekunde zingine hazikufa, zimefichwa tu. Ukivuta tena ncha ya kipande, zinarudi. Video mpya inazaliwa siku unabonyeza Exporter.

Tukumbuke basi mambo mawili. La kwanza: usiogope kujaribu, kwa sababu unaweza kurudi nyuma mara nyingi unavyotaka. La pili: usifute video-mama eti juu umekwisha kukata. Maagizo bila mama ni sawa njia yenye inakupeleka kwenye nyumba yenye imebomolewa.

KWA TELEFONE, HATUA KWA HATUA

Majina ya vitufe hayafanani. Programu moja inaandika Diviser, nyingine Scinder, nyingine Couper. Tafuta alama ya mkasi ao ya mstari wenye unapasua kipande. Lakini angalia neno Rogner: pengine linakata wakati, pengine linakata ukingo wa picha, ni kusema linapunguza upana na si urefu wa video. Ukiona kichwa cha mutu kimetoka nje ya picha, ujue umegusa Rogner ya namna ya pili. Rudi nyuma.

Kwanza, tazama video yote mara moja bila kugusa kitu. Andika kwenye karatasi dakika na sekunde ambapo jambo linaanza, na ambapo linaisha. Dakika tatu za kalamu zinaokoa saa nzima ya kidole.

Pili, fungua video ndani ya programu. Chini utaona mkanda wa picha ndogondogo: ule ni mstari wa wakati. Juu yake kuna sindano, yaani mstari mwembamba wenye unasimama kuonyesha tuko wapi. Ukifungua vidole viwili juu ya mkanda, unapanuka, na unaweza kukata kwa uangalifu zaidi. Sekunde moja ya video ya telefone mara nyingi iko na picha 30, kwa hiyo nafasi ya kuchagua iko kubwa.

Tatu, kata ncha. Gusa kipande, na mishikio miwili itaonekana, mmoja kushoto, mmoja kuume. Vuta wa kushoto mpaka karibu na mwanzo wa jambo, na wa kuume mpaka karibu na mwisho. Tunasema karibu, hatusemi juu yake kabisa. Acha nusu sekunde mbele ya neno la kwanza, na sekunde moja nyuma ya neno la mwisho. Mutu anavuta pumzi mbele ya kusema. Ukikata pumzi ile, anaonekana sawa mutu mwenye amesukumwa ndani ya chumba.

Ine, toa ubovu wa katikati. Peleka sindano pale ubovu unaanza, bonyeza Diviser. Peleka pale unaisha, bonyeza tena. Sasa uko na vipande vitatu. Gusa cha katikati, kifute. Kwenye telefone, mara nyingi kipande cha nyuma kinasogea chenyewe kufunga pengo.

Tano, hakikisha. Tazama mara moja kwa macho. Kisha geuza telefone uso chini, usikilize tu. Masikio yanasikia mikato yenye macho yanasamehe.

Sita, bonyeza Exporter. Kwa kutazama kwenye telefone, ubora wa 720 unatosha na mamega yanapungua. Na kama galeri ya telefone inakupa kuchagua kati ya Enregistrer na Enregistrer une copie, chagua kopi. Siku zote kopi.

Jambo la mwisho hapa: usikate kutoka kwa video yenye imekwisha kukatwa na kutumwa mara tatu. Kila mara video inapoandikwa upya, picha inapoteza kidogo, sawa fotokopi ya fotokopi ya cheti cha kuzaliwa: mwishoni hata muhuri hausomeke. Rudi kwa mama kila mara.

KWA ORDINATERE: MIKATO MINE

Wengi wetu wanapeleka video ya ndoa ao ya matanga kwa kijana wa studio. Hata kama si wewe unashika mouse, ni vizuri kujua maneno ya kuomba. Ukimwambia tu "Fupisha," atafupisha namna anaona yeye, na wewe utalipa. Kuko mikato mine.

Wa kwanza ni kukata na kufunga pengo. Unapunguza kipande kimoja, na vyote vya nyuma yake vinasogea mbele. Fikiri mstari wa vijana wanaopitishiana mifuko ya udongo toka shimoni: mmoja akitoka, wengine wanasogea, mstari haukatike. Filme nzima inakuwa fupi. Hatari yake ni sauti: kama muziki uko kwenye mkanda mwingine na haukusogea pamoja, mutu anacheza nyuma ya ngoma.

Wa pili ni kusogeza mpaka. Vipande viwili viko jirani, unasogeza mpaka katikati yao. Chenye unapunguza kwa kimoja, unaongeza kwa kingine. Urefu wa filme haubadilike, sawa mpaka wa mashamba mawili: ardhi ni ileile, paka mti wa alama umehama.

Wa tatu ni kuteleza ndani. Kipande kinabaki pahali pake, na urefu wake ni uleule, lakini unabadilisha sehemu gani ya video-mama inaonekana. Dirisha halisogei, chenye kinasogea ni kile kiko nyuma ya dirisha. Hii inafaa kama umeweka sekunde nne za mama-mkwe, na kumbe kicheko chake kilikuja sekunde mbili baadaye. Unatelezesha, kicheko kinaingia, na hakuna kingine kinaguswa.

Wa ine ni kuteleza nje. Kipande chenyewe kinahama kushoto ao kuume katikati ya jirani zake. Jirani mmoja anapungua, mwingine anaongezeka, lakini kipande hakibadilike.

Mikato yote yenye kusogeza na kuteleza inahitaji akiba. Kama ulianza kupiga video kwenye neno la kwanza hasa, na ukazima kwenye neno la mwisho, hakuna kitu cha kuvuta. Kwa hiyo kazi ya kukata inaanza siku ya kupiga: washa kamera sekunde tano mbele, zima sekunde tano nyuma.

Kwa wale wanashika klavye wenyewe: kwenye programu nyingi za ordinatere, herufi I inaweka alama ya kuanza, na O alama ya kumaliza. Kwenye Shotcut, S inapasua kipande pale sindano iko. Kwenye Premiere Pro, Q inaondoa chenye kiko mbele ya sindano mpaka kwenye mkato wa karibu, na W inaondoa chenye kiko nyuma, na pengo linafungwa palepale. Na kwa mji wetu, wenye umeme unaondoka bila kuaga, Ctrl na S pamoja kila dakika tano si ushauri, ni sheria.

SAUTI ITANGULIE AO IBAKI

Mikato mingi inaumiza macho juu picha na sauti zimekatwa pahali pamoja. Watu wa sinema wanafanya vingine. Wanaacha sauti ya kipande cha pili ianze mbele ya picha yake: tunasikia maji ya Wagenia yanavuma wakati bado tunaona uso wa mzee, kisha picha ya mto inafika. Ao wanafanya kinyume: picha inabadilika, lakini sauti ya mzee inaendelea juu ya mto.

Kwa kufanya vile, tenga sauti na picha ya kipande, kisha kata picha peke yake, ukiacha sauti iende mbele kidogo. Kwa video ya matanga ao ya ndoa, njia hii inafaa sana: maneno ya baba mkubwa hayakatiki, na bado tunaona watu wote wenye walikuja.

Lakini hapa tunafika penye hatari. Ukiweza kuweka sauti ya mutu mmoja juu ya picha ya pahali pengine, unaweza pia kumfanya aseme chenye hakusema.

NENO LENYE LILIBAKI NJE

Tuseme PDG wa shimo anasimama mbele ya kamera, anasema: "Shimo hii iko salama, kama mvua hainyeshi." Kijana anataka kufupisha kwa status. Anaona neno "salama" liko wazi, sauti ni nzuri, uso wa PDG uko katikati ya picha. Anakata pale. Sekunde mbili tu zimeondoka. Video inafika kwa vijana wa kariere nyingine, wanasikia: "Shimo hii iko salama." Wanakuja, na usiku mvua inanyesha.

PDG hakusema uongo. Kijana hakuongeza hata neno moja. Mkasi peke yake njo ulidanganya. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya ukweli katika montaji ni hii: usikate sentensi mbele ya "lakini", "kama", "isipokuwa" na "mpaka". Maneno yale madogo njo yanabeba mzigo. Na katika mji wetu, penye mutu anaanza kwa Kiswahili, anapitia Lingala, na anamaliza kwa Kifaransa, mwenye kukata ajue lugha zote tatu, ao aulize mwenye anajua.

Jambo hili si hadithi ya mezani. Mwanzo wa mwaka 2021, huko Luhihi, Kivu ya Kusini, udongo wenye dhahabu ulipatikana kwenye kilima, na watu walikimbilia kuchimba. Mwezi wa Machi, video fupi ikazunguka dunia nzima: watu wanachimba kwa majembe na mikono, wanaosha udongo, na dhahabu inaonekana. Mitandaoni wakaiita mlima wa dhahabu. Video ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa fupi mno: haikuonyesha udongo wenye ulitupwa, wala wenye walirudi mikono mitupu. Mkoa ukafunga uchimbaji pale kwa sababu ya msongamano. Mchimbaji yeyote anajua kuko udongo kiasi gani nyuma ya gramu moja. Mwenye alitazama video ile Ulaya ao Marekani hakuweza kujua, juu udongo ule ulibaki nje ya picha.

Sasa linganisha na video nyingine, ya mwezi wa Machi 2023, ya mkoa uleule wa Kivu ya Kusini. Shimo la dhahabu limeporomoka, watu wako chini. Mwanaume mmoja anakwangua udongo, kisha anatumia mikono. Mara mutu mmoja anatoka, anateleza chini ya mteremko. Kisha wa pili. Watu wanapiga kelele. Wa tatu, wa ine, mpaka tisa, wote wazima. Dunia nzima iliitazama.

Kwa mkasi wa haraka, mutu angesema: wa kwanza na wa mwisho wanatosha, tukate wa katikati. Angeua video. Nguvu yake iko katika kuhesabu. Kila mara udongo unasimama kimya, unafikiri imekwisha, na mwingine anatoka. Zaidi ya vile, kwa jamaa wenye walisubiri nyumbani, yule wa tano si "wa katikati". Ni papa yao. Kwa hiyo kanuni ya pili: penye watu wanahesabiwa, penye kitu kinapimwa kwenye mizani, penye pesa inahesabiwa mkononi, usikate. Acha iende mpaka mwisho, hata kama ni ndefu.

KISANGANI INAJUA BEI YA USHAHIDI

Mji wetu haukufundishwa mambo haya na vitabu. Toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na biashara ya diamant ilikuwa moja ya sababu. Mabomu kwa maelfu yalianguka juu ya mitaa. Mamia ya raia walikufa, na wengi waliobaki walipoteza mikono ao miguu.

Mwana wa Kisangani, Dieudo Hamadi, aliyezaliwa 1984 na kusomea kwanza udaktari, alichukua kamera akafuata kundi la hao wenye walipona. Walipanda mashua, wakashuka mto Congo mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Filme yake, En route pour le milliard, ilichaguliwa kwa festival ya Cannes ya mwaka 2020, mwaka wenye korona ilizuia festival yenyewe kukutana. Safari ya namna ile ni ya majuma, na filme haifike saa mbili. Fikiri basi ni kiasi gani kilikatwa.

Lakini angalia chenye kilibaki. Mvua inanyesha juu ya mashua, watu wanajifunika. Mutu anatembea kwa magongo, na kamera inangoja afike. Wenye walipona wanaonekana pia wakicheza teatri juu ya maisha yao wenyewe, na filme inakata toka jukwaani mpaka safarini, toka safarini mpaka jukwaani. Mwenye alifanya montaji angeweza kuondoa wakati wa kungoja, juu katika kungoja hakuna tendo. Hakuuondoa wote, kwa sababu kungoja njo jambo lenyewe: watu wale walikuwa wamengoja karibu miaka makumi mbili. Kufupisha vizuri si kutoa kila chenye kinaenda polepole. Ni kujua polepole gani iko na maana.

Kuko sehemu nyingine ya hadithi hii yenye inatugusa zaidi. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye, iliamua Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa maovu ya vita ile na mengine ya wakati ule: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa asili. Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola miliardi 11. Sababu za tofauti ile ni nyingi, lakini moja iliandikwa wazi na waamuzi: sehemu kubwa ya ushahidi wenye uliletwa haikutosha kuhesabu hasara kwa usahihi. Waamuzi walikubali pia ya kuwa vita yenyewe inafanya ushahidi kuwa mgumu kupatikana. Leo mfuko wa FRIVAO, wenye makao yake hapa Kisangani, umepewa kazi ya kugawa fidia ile. Mwaka 2000 hatukuwa na telefone zenye kamera mfukoni. Leo tuko nazo. Tutazifanyia nini?

Jibu moja lilitoka Bukavu. Mwezi wa Septemba 2018, korti ya kijeshi iliwahukumu wakubwa wawili wa kundi la silaha kwa mauaji ya raia katika Kivu ya Kusini. Kati ya ushahidi mlikuwa picha zenye zilipigwa kwa programu ya telefone iitwayo eyeWitness. Programu ile inaandika palepale saa, tarehe na pahali pa picha, na inalinda faili ya kwanza isiguswe. Thamani ya picha zile mbele ya waamuzi haikuwa uzuri wao. Ilikuwa hivi: mutu angeweza kuonyesha hazikubadilishwa tangu zilipopigwa.

Jamaa la mchimbaji liko na mahitaji yaleyale, hata bila vita. Shimo likiporomoka, mwenye shimo atasema ndugu yenu hakuwa mule. Mwenye comptoir atasema jiwe lilikuwa dogo. Jirani atasema kiwanja kiliuzwa. Video yenye ilianza kwenye kibao cha kariere, ikapita kwa nyuso za wenye walikuwa pale, ikafika kwa shimo bila kukatika, inasema mengi kuliko sekunde kumi za shimo peke yake, hata zikiwa na muziki mzuri.

KABLA YA KUGUSA MKASI

Tuweke sasa yote pamoja, ili mama ao kijana wa nyumbani aweze kuyafuata bila kurudia makala nzima.

Video ya furaha, ya ndoa, ya mtoto, ya kazi yenye inaendelea vizuri: kata bila huruma. Toa miguu, toa anga, toa "Inashika?". Mwenye kupokea atakushukuru kwa mamega yake.

Video ya ajali, ya malipo, ya mapatano, ya mpaka wa kiwanja, ya neno la mukubwa mbele ya watu: usiguse mama. Ipe jina lenye tarehe na pahali. Weka kopi mbili pahali pawili, moja kwenye kadi ya memori ao fimbo ya USB nyumbani Kisangani, nyingine kwa ndugu wa kuaminika. Ukituma kwa WhatsApp, usiitume sawa video ya kawaida. Itume kwa njia ya Document, kwa sababu njia ya kawaida inapunguza ubora na inafuta habari za ndani ya faili, sawa tarehe na pahali. Kama unataka kipande kifupi cha kuonyesha watu, kata kopi, na ukiulizwa, useme wazi: hiki ni kipande, nzima iko.

Na tena, mbele ya kutuma uso wa mutu mwenye ameumia ao mwenye amekufa, uliza jamaa lake. Kukata ili kulinda heshima ya mutu si kuficha ukweli, mradi video nzima iko pa usalama kwa siku ya haki.

Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Video-mama yenye imefutwa ili kupata nafasi ya nyimbo mbili tatu ni maji ya namna ile. Kadi ya memori inauzwa soko kuu, na unaweza kununua nyingine mwezi kesho. Sekunde zenye papa alisema jina lake, pahali pake na tarehe mbele ya shimo, hakuna duka linaziuza.